Nani Aliweka Ngazi Kwa Mat?

Mnajua video zangu. Soo tatu mfukoni, siku nzima tao. Nakuonyesha pa kula chapo na ndengu, pa kupiga picha bila askari kukufukuza, mat gani unapanda na stegi gani unashuka. Nimeshafanya 22. Nilikuwa najiona msee anaijua Nairobi kama kiganja chake.

Halafu mwezi wa saba nikapata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Dar es Salaam. Wabongo wana adabu hata kwa simu. "Habari za kazi kaka, pole na majukumu. Samahani naomba kuuliza. Mwezi ujao nakuja Nairobi siku tatu, na video zako nimezipenda sana. Mimi natumia kiti cha magurudumu. Katika sehemu ulizoonyesha, naweza kufika zipi?"

Nikaanza kumjibu hapo hapo. Nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Video ya kwanza, kibanda kiko ghorofa ya kwanza, unapanda ngazi. Ya pili unateremka basement. Ya tatu haina ngazi kabisa, nikafurahi, halafu nikakumbuka unafikaje huko. Zote 22 zinaanza na maneno mawili: "Panda mat."

Nikavaa viatu nikaenda stegi. Sikupanda. Nilisimama tu mlangoni mwa basi ya watu 33 nikiiangalia mpaka makanga akaniuliza, "Buda, unaingia ama unainunua?"

Nendeni muangalie siku moja, kwa sababu mimi nimepanda hizi gari tangu nikiwa nasari na sikuwa nimewahi kuona. Ngazi ya kwanza ilinifika chini kidogo ya goti, na mimi si mfupi. Halafu ya pili. Halafu ya tatu, na hiyo inakunja kona. Mlango ni mwembamba kiasi kwamba makanga na abiria mnono wakikutana hapo, lazima mmoja avute tumbo. Kiti cha magurudumu hakipiti hata kikiwa kitupu, mpaka ukikunje.

Kuna fundi namjua anajenga bodi za mabasi. Nikamuuliza nani aliamua sakafu iwe juu hivyo. Akacheka. Akaniambia, kijana, hiyo unayoita basi ni lori. Mabasi mengi tunayopanda hapa yanaanza maisha kama chesisi ya lori: injini, fremu na magurudumu. Fundi anakuja kuweka bodi, viti, madirisha, skrini na spika juu yake. Lori limeundwa kubeba mzigo juu ya magurudumu, kwa hivyo sakafu inakaa huko juu, na abiria anawekewa ngazi ili afikie pale mahindi yangewekwa. Hakuna mtu aliyekaa chini akapanga kumfungia dada wa Dar nje. Hakuna aliyemfikiria, basi.

Hiyo iliniuma kuliko kama kungekuwa na mtu mbaya wa kutukana.

Na ukiangalia mat ilikotoka, inaeleweka. Kampuni ya mabasi ya mjini ilianza Nairobi mwaka wa 1934, na kwa miaka mingi ndiyo peke yake ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria. Matatu zilikuwa gari za kujiiba, pickup na vibasi vikuukuu, nauli sarafu tatu za senti kumi, ndiyo maana zikaitwa hivyo. Mwaka wa 1973 Mzee Jomo Kenyatta akatangaza kwamba zinaweza kubeba watu bila leseni ile ya mabasi, na tangu siku hiyo gari yoyote yenye nafasi nyuma ikawa biashara. Mat ni mtoto wa haraka na ubunifu. Napenda hiyo kitu kuhusu mat, hata sitadanganya. Lakini gari inayolipwa kwa safari nyingi iwezekanavyo kwa siku haina dakika mbili za kumngoja mtu yeyote, iwe ni mwenye kiti cha magurudumu au ni shosho na mifuko yake ya sukuma.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo masomo yangu ni ya bando la usiku. Nikaanza kutafuta kitu kimoja. Kuna mji wowote ambao mgeni kama yule dada alifika akakuta hakuna kitu, halafu mambo yakabadilika? Na nani aliyabadilisha?

Nikafika Washington, Aprili 1977.

Stori yenyewe inaanza mbali kidogo, San Francisco. Marekani ilikuwa imepitisha sheria mwaka wa 1973, na ndani yake kulikuwa na kifungu cha 504 kinachosema, kwa ufupi, kwamba mradi wowote unaopokea pesa za serikali kuu usimbague mtu kwa sababu ya ulemavu wake. Nzuri. Lakini sheria bila kanuni za utekelezaji ni karatasi, na kanuni zilikaa miaka minne bila kusainiwa. Waziri aliyehusika, Joseph Califano, alitaka kwanza kuziangalia upya. Watu wenye ulemavu walijua "kuangalia upya" maana yake ni nini. Sisi Wakenya pia tunajua.

Tarehe 5 Aprili 1977 wakaingia katika ofisi za wizara hiyo katika miji kadhaa na kukataa kutoka. Kwingine waliondoka mapema. San Francisco walikaa karibu mwezi mzima, zaidi ya watu 100. Wasioona, viziwi, watu wa viti vya magurudumu, watu ambao usiku wanahitaji kugeuzwa ili wasipate vidonda, wote wamelala kwa sakafu ya ofisi. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama dirishani na kuzungumza kwa lugha ya ishara na wenzao walio nje. Unakata simu ya watu ambao hawakuwa wanaitegemea! Na chakula? Black Panther Party ndio walileta chakula moto, siku baada ya siku. Mmoja wa waliokuwa ndani, Brad Lomax, alikuwa Panther mwenyewe na alitumia kiti cha magurudumu. Miaka yote ya shule nimeona picha za Panthers na bunduki na bereti. Hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu sufuria.

Sasa hapa ndipo wageni wanaingia. Kukaa San Francisco peke yake hakukutosha, kwa sababu waziri alikuwa Washington, upande wa pili wa nchi. Wakachagua kikundi kiende kumtafuta. Kati yao alikuwa Judy Heumann, aliyepata polio akiwa mtoto wa miezi 18. Alipotaka kuwa mwalimu, New York walimnyima leseni kwa sababu ya kiti chake. Akawapeleka kortini mwaka wa 1970, na akaishia kufundisha. Huyo si mtu wa kuambiwa rudi kesho.

Wakapanda ndege, wakafika jiji kuu la nchi tajiri kuliko zote duniani. Na hapo wakakwama, kwa sababu hakukuwa na gari la kuwabeba mjini. Basi za jiji hazikuweza kuwachukua na viti vyao. Chama cha wafanyakazi wa mitambo, wale Machinists, kikawakodishia lori. Lori la kuhamisha vyombo vya nyumba. Wakapakiwa nyuma na viti vyao vya magurudumu, mlango ukashushwa, na ndani hakuna dirisha hata moja. Giza totoro. Fikiria uko kwa kiti chenye magurudumu, ndani ya lori, na dereva anakata kona.

Hivyo ndivyo walivyoiona Washington. Wengine wanakuja kupiga picha White House. Hawa walizungushwa mjini kama makochi ya mtu anayehama. Usiku wakaenda na mishumaa mpaka nje ya nyumba ya waziri. Tarehe 28 Aprili Califano akasaini.

Nilipomaliza kusoma hapo niliweka simu chini. Kisha nikakumbuka kwamba dada wa Dar angekuja kwa basi la usiku lenye ngazi nne.

Lakini kitu kilichonishika zaidi ni kwamba chini ya barabara hizo hizo za Washington kulikuwa na treni mpya yenye lifti. Metro yao ilifunguliwa tarehe 27 Machi 1976, kipande kidogo tu cha kuanzia, vituo vichache. Watu wenye ulemavu, pamoja na Washington Urban League, walikuwa wameipeleka kortini wakati bado inajengwa. Na kuna kituo kimoja, Gallery Place, katikati kabisa ya mji, kilikuwa karibu tayari lakini lifti haikuwepo. Korti ikasema bila lifti hakifunguliwi. Kwa hivyo treni mpya zilikuwa zinapita hapo bila kusimama. Kila siku ya kazi. Karibu miezi tisa, mpaka tarehe 15 Desemba 1976.

Wasee, mimi nimejaribu kufikiria hiyo kitu Nairobi. Kituo kizima cha katikati ya tao kimefungwa, gari zinakipita, na sababu ni kwamba mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kukitumia bado. Si angetukanwa huyo mtu mpaka akahama? Na Washington pia sidhani kila mtu alifurahi. Lakini leo hakuna anayekumbuka ile miezi tisa. Watu wanakumbuka lifti, na anayeitumia ni mama na kigari cha mtoto, msee na masanduku ya uwanja wa ndege, mzee wa magoti.

Ukitaka kujua bei ya kutongoja miezi tisa, angalia New York. Treni yao ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka wa 1904, ngazi kila mahali, na baadaye ikakua mpaka vituo 472. Kuchimba shimo la lifti katika kituo ambacho tayari kina mabomba, nyaya na majengo juu yake ni kazi ya miaka na pesa ya kutisha. Mwaka wa 2022, baada ya kesi ndefu, mamlaka ya usafiri ilikubali kwamba asilimia 95 ya vituo vitafikika kufikia mwaka wa 2055. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa makubaliano atakuwa na miaka 33.

Stori ninayoipenda kuliko zote lakini ni ya Denver, kwa sababu ni ya basi, na basi ndilo tatizo letu.

Denver kulikuwa na mhubiri anaitwa Wade Blank aliyefanya kazi katika nyumba ya wazee. Ndani ya hiyo nyumba alikuta vijana. Watu wa umri wangu na wako, wamewekwa kuishi na wazee wanaongoja kufa, kwa sababu tu wana ulemavu na hakuna mahali pengine. Akasaidia kundi lao kutoka na kuanza kuishi kwenye nyumba za kawaida, na mwaka wa 1975 wakaanzisha Atlantis. Sasa una nyumba yako, una uhuru wako, unataka kwenda mjini Jumamosi. Basi linakuja. Halina lifti. Uhuru wako unaishia kwa stegi.

Mamlaka ya mabasi ilikuwa inanunua mabasi mapya bila lifti. Walienda kortini, wakashindwa. Tarehe 5 Julai 1978 watu 19 wakaenda kwenye makutano ya Broadway na Colfax, kama vile uende pale Archives saa ya rashawa, na wakazingira mabasi mawili. Mbele na nyuma. Wengine walishuka kwenye viti vyao wakalala kwa lami. Wakawa wanapiga kelele moja, kwamba tutapanda. Walilala hapo usiku kucha, wakaamkia hapo tarehe 6. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Denver ikakubali kuweka lifti kwenye mabasi yake, na leo pale kwenye kona kuna kibao chenye majina yao.

Na hawakuishia kwao. Mwaka wa 1983 wakaunda ADAPT, na herufi za mwisho za hilo jina zilisimamia usafiri wa umma. Wakuu wa mabasi wa Marekani walikuwa wanafanya mkutano wao mkubwa kila mwaka katika mji tofauti, hoteli nzuri, chakula kizuri. ADAPT wakaanza kuwafuata. Mji baada ya mji, wageni wa viti vya magurudumu wanashuka na kuzuia mabasi mbele ya hoteli. Wageni wasumbufu kuliko wote. Tarehe 12 Machi 1990 wakafika tena Washington, watu kutoka majimbo mengi, na mbele ya jengo la bunge kadhaa wao wakaacha viti na magongo chini wakapanda zile ngazi kwa viwiko, kwa magoti, kwa makalio. Kulikuwa na mtoto wa miaka 8, Jennifer Keelan. Tarehe 26 Julai mwaka huo Rais George H. W. Bush akasaini sheria ya ADA, na kuanzia hapo mji ukinunua basi jipya la umma ni lazima mtu wa kiti cha magurudumu aweze kupanda. Ndiyo maana leo ukitua mji wowote wa kule na kiti chako, huulizi mtu kama basi litakubeba. Unauliza namba ya basi, kama mgeni mwingine yeyote.

Najua nimekaa sana kwa viti vya magurudumu, kwa sababu swali lililonifikia lilikuwa la kiti. Lakini kuna vile vigae vya njano vyenye vinundu mnaviona kwenye video za Tokyo na mnadhani ni pambo. Ni vya wasioona. Mjapani mmoja, Seiichi Miyake, alivibuni kwa kumfikiria rafiki aliyekuwa anapoteza uwezo wa kuona, na vya kwanza viliwekwa karibu na shule ya wasioona mjini Okayama tarehe 18 Machi 1967. Vinundu maana yake simama, mistari maana yake endelea. Mgeni asiyeona anaweza kushuka katika mji asioujua, katika nchi ambayo lugha yake haisikii, na miguu ikasoma. Hiyo nayo ni hadithi ya siku yake.

Turudi kwa dada wa Dar, kwa sababu yeye ndiye aliyeniaibisha kabisa.

Nilimwandikia ukweli: dada, sehemu zangu nyingi zina ngazi, na mat haitakubeba na kiti chako. Nikaongeza, kama kujitetea, kwamba Afrika usafiri wetu ndiyo hivyo. Akanijibu kwa upole, na ule upole ndio uliniua. "Sawa kaka, asante kwa ukweli. Huku kwetu mimi napanda Mwendokasi mwenyewe."

Mwendokasi, kwa wasiojua, ni yale mabasi marefu ya Dar yenye njia yao, yalianza mwaka wa 2016. Kituo kina jukwaa, na jukwaa liko sawa na sakafu ya basi. Unaingia kama unaingia sebuleni. Si eti kila kitu huko ni peponi, mwenyewe aliniambia asubuhi watu wanasukumana mpaka yeye huwa anangoja saa nne ndipo atoke. Lakini tatizo lake Dar ni msongamano, kama la kila mtu. Huko hakuna mtu anayehitaji kumbeba. Miji duniani ilienda Dar kujifunza, na mwaka wa 2018 Dar ikashinda tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Mwaka huo huo wa 2018, sisi tulipaka mstari mwekundu Thika Road.

Mnaukumbuka. Ilikuwa njia ya mabasi yetu ya mwendo kasi. Mstari ulipakwa, mabasi hayakuwepo, mat zikaendelea kupita juu yake mpaka rangi ikachoka. Tunapenda kuwacheka Wabongo kwamba wako polepole. Sawa.

Na usiniambie hatuna sheria. Hii ndiyo sehemu iliyonikosesha usingizi. Chama cha UDPK, muungano wa watu wenye ulemavu Kenya, kiliundwa mwaka wa 1989, na watu wakapigania sheria mpaka ikapita mwaka wa 2003. Miaka 14. Ndani yake imeandikwa kwamba mwenye gari la abiria alirekebishe ili watu wenye ulemavu walitumie, na akapewa miaka miwili tangu kifungu hicho kianze kutumika. Wenye majengo ya umma wakapewa miaka mitano. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikarudia: haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari. Mei 2025 ikaja sheria mpya kuchukua nafasi ile ya 2003. Kwa karatasi tuko mbele ya wengi. Hesabu ile miaka miwili unavyotaka, iliisha zamani.

Watu wataniambia mat haziwezi kubadilishwa, ni nyingi, zina wenyewe, zina kichwa ngumu. Mimi nilikuwa mdogo, lakini muulize mzazi wako kuhusu Februari 2004. Waziri alikuwa John Michuki. Alitoa kanuni mwaka wa 2003, ndiyo, mwaka ule ule wa sheria ya ulemavu: mikanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mstari wa njano ubavuni, sare kwa dereva na makanga, nissan ibebe watu 14 na hakuna kusimama. Wenye gari wakapiga kelele. Siku ikafika, ambazo hazikuwa tayari zikazuiwa barabarani, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na bado hazikuruhusiwa. Ndani ya miezi michache nchi nzima mat zikawa na mikanda. Nchi nzima! Pacha wawili wa mwaka mmoja, mmoja alisimamiwa na waziri aliyeweka askari barabarani, mwingine akawekwa kwa kabati.

Mimi sidai kila nissan ya zamani ichanwe mlango kesho. Ile gari imeshazaliwa. Lakini kila siku kuna nganya mpya inatoka kwa fundi, imekula mamilioni, ina skrini kila kiti, ina kamera, ina wifi, taa za chini, na picha ya msanii aliyeaga dunia. Ukiweza kuning'iniza skrini kumi kwa dari, mlango mpana mmoja na rampu ya kukunja si sayansi ya mwezini. Yule fundi wangu nilimuuliza kama anaweza. Akasema anaweza, ila hakuna mteja aliyewahi kuomba.

Hiyo "hakuna aliyewahi kuomba" nimeifikiria sana. Kwetu ploti kuna jamaa wa ghorofa ya nne aliyepata ajali ya boda. Tulichanga, tukaenda kumwona hospitali, akarudi. Nilipokuwa naandika hii nikagundua ni zaidi ya mwaka sijamwona, na tunaishi ploti moja. Hakuna lifti. Yuko tu huko juu. Huyo ataomba rampu ya mat saa ngapi, na mat iko chini? Mgeni angalau ana bahati ya kuja na kuuliza, halafu arudi kwao.

Alikuja mwezi wa nane. Basi lilifika alfajiri, na niliona kwa macho yangu akiteremshwa na vijana wawili, mmoja kwapani na mwingine miguuni, huku mkoba wake umebanwa kwa meno ili mikono ibaki huru kushika. Kiti kilitoka kwa buti pamoja na magunia, gurudumu moja limepinda. Aliwashukuru. Mmoja akataka mia. Nikaona aibu kuliko aliyeombwa.

Teksi za simu tatu zilikubali safari halafu zikaghairi baada ya kutuona. Ya nne dereva alikuwa mzee mmoja aliyeshuka, akafungua buti ya Vitz, akatoa gurudumu la akiba akaliweka kiti cha mbele ili kiti chake kiingie. Hiyo ndiyo rampu ya Nairobi: ukarimu wa mtu mmoja, ukibahatika. Siku tatu pesa yake ya kununua vitu iliisha kwa teksi. Sehemu za video zangu tulifika mbili. Katika moja, mwenye mkahawa alisema kuna mlango wa nyuma usio na ngazi, lakini ufunguo uko na mtu, na huyo mtu hayuko. Tukala nje, kwa barabara. Chapo zilikuwa poa, alizisifu.

Akiondoka aliniambia, "Kaka, usifute video. Andika tu ngazi ziko ngapi, mtu ajue kabla hajatoka nyumbani."

Nimeanza wiki hii. Nina futi ya kupimia milango na daftari. Video ya kwanza sasa chini yake imeandikwa: ngazi 17, hakuna lifti, mlango sentimita 68. Ya pili: ngazi 9 za kushuka, hakuna kishikio. Ya tatu: ngazi sifuri, lakini ili ufike, panda mat. Na kesho napanda ghorofa ya nne kumwona jamaa yetu. Hizo nazo nitazihesabu.